Honi ya Kona ya Mshai

Cha rahisi hakijui kunyamaza. Jana mlimsikia babu yenu akimwambia hivyo muuza redio, mkacheka, kisha mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Mimi niliipata kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, mwaka ule nilioletwa nyumba hii nikiwa mwali, tukipalilia maharage shamba la juu. Yeye alikuwapo mambo yalipotokea. Methali hii ilianza hivi.

Enzi hizo kijiji chetu kilikuwa na gari moja, pikapu kuukuu ya Shekiango. Lilikuwa gari la kabichi, la harusi na la msiba, na lilikuwa na adabu yake. Likileta bibi harusi, lilipiga honi kuanzia Kona ya Mshai, kule chini, mpaka mlangoni. Likileta maiti, lilipanda kimya. Mtu aliyekuwa shambani alijua la kufanya kwa kusikiliza tu.

Siku moja taa za mbele zikakataa kuwaka. Fundi Kilua akafunua boneti, akatoa kidude cheusi mfano wa kibiriti, wanakiita rilei. Ndicho kinachopeleka umeme kwenye taa na kuukata. Kilikuwa kimeungua. Honi nayo ilikuwa na chake, vimefanana kama mapacha. Fundi akasema rilei ya gari lile lenyewe ni ya kuagiza mjini, ila duka la bondeni lina za rahisi.

Shekiango hakuwa mjinga. Alilijua giza la milima hii. Akamwambia fundi aihamishe rilei nzima ya honi aiweke kwenye taa, na hiyo ya rahisi aitie kwenye honi.

"Taa zikizimika tutakufa," alisema. "Honi haijaua mtu."

Hata mimi ningefanya vile. Honi ikalia vizuri tu, watu wakasahau.

Sasa, marehemu kaka yake Shekiango alikuwa ameacha mjane, Bi Sauda, na binti mmoja tu, Mboza. Mboza akashikwa na tumbo, ikabidi apelekwe hospitali ya bondeni akapasuliwe. Bi Sauda alikuwa na mguu mbovu, hawezi kushinda wodini, kwa hiyo Bi Mwanahawa ndiye aliyekwenda kumuuguza. Gari lilipotaka kuondoka, Bi Sauda aliushika mlango.

"Shemeji, siku ya kumrudisha usiniache nikisubiri mpaka mlangoni. Akiwa mzima, piga honi tangu konani. Akiwa si mzima, njoo kimya, nipate kujikaza."

Shekiango akaapa kwamba atafanya hivyo.

Mboza alipasuliwa, hakuamka. Wakamlaza nyuma ya pikapu, wakamfunika shuka, wakaanza kupanda mlima. Bi Mwanahawa alikaa mbele na Shekiango. Walipofika Kona ya Mshai wakasikia lori la mbao linashuka, na kona ile huoni mbele. Shekiango akagusa honi mara moja, kidogo, kama mtu anayekohoa mlangoni pa watu. Akaondoa mkono.

Honi haikukoma.

Akaupiga usukani kwa ngumi. Akasimamisha gari, akafunua boneti, akavuta waya huu, akavuta ule. Alipoung'oa ulio wenyewe, kimya kikaingia, na ndani ya kimya kile wakasikia kigelegele kutoka juu. Bi Mwanahawa alikijua ni cha nani. Kisha kijiji kizima kikaitikia.

"Geuza gari," alimwambia.

"Niligeuze nimpeleke wapi?"

Wakapanda. Bi Sauda alikuwa amesimama njiani na mguu wake ule, amejifunga kanga mpya, ameshika kikombe cha uji wa mgonjwa. Akachungulia mbele, akaona watu wawili. Akazunguka nyuma. Bi Mwanahawa aliniambia kwamba uji haukumwagika hata tone. Bi Sauda alikiweka kikombe chini polepole, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Mwanahawa kuliko vilio vyote vilivyofuata.

"Shemeji, ni rilei," Shekiango alisema. "Imenasa. Niliweka ya rahisi, nikadhani..."

"Nilikuomba kimya," Bi Sauda alisema. "Kulia, kila kitu kinajua kulia. Hicho cha rahisi chako hakijui kunyamaza."

Mboza akazikwa kabla ya laasiri. Watu wakalishika neno lile, wakalisema kwanza nyuma ya Shekiango, baadaye mbele yake, naye hakubisha. Aliagiza rilei ya mjini, akaifunga, lakini hakuna aliyetaka tena kusikia honi ile. Ndiyo maana mpaka leo bibi harusi wa kwetu hupandishwa kona ile kimya kama maiti.

Siku ya kuanua tanga, watu walipotawanyika, Bi Sauda alikuwa bado hajapata usingizi. Kila akisinzia alishtuka, akauliza kama honi imelia. Shekiango alikuwa nje, ameketi ndani ya pikapu kama alivyoketi siku zote za msiba.

"Mwambie aende kwake," Bi Sauda alimwambia Bi Mwanahawa. "Mimi sina tena ninayemsubiri."

Shekiango akashuka, akaenda kwa miguu, gari akaliacha pale pale lisije likalia. Bi Sauda akasikiliza mpaka nyayo zake zilipopotea.

"Cha rahisi hakijui kunyamaza," alisema, akageukia ukuta, akalala.