Sahani ya Sekimanga

Mtu mmoja alikuwa na mpishi, na hakumwamini. Mtu huyo aliitwa Sekimanga, tajiri mwenye mashine za kukoboa mahindi. Mpishi aliitwa Athanasi. Mezani kwa tajiri ulipelekwa ugali wa sembe nyeupe, nyama iliyoelea kwenye mafuta, na soda. Jikoni watumishi walikula dona, ugali wa unga usiokobolewa, maharage na mchicha. Ndivyo heshima ilivyopangwa katika nyumba ile, na Athanasi alikuwa akiionea wivu sahani ya bwana wake.

Sekimanga akaanza kuvimba miguu. Kiu haikumwisha, macho yakaingia ukungu. Daktari akamwambia apunguze mafuta na soda, tena atembee. Akatoka pale akijiuliza daktari yule amekula njama na nani, maana tangu lini mwenye mali akaambiwa ale kama mtumishi? Akamtazama Athanasi, mtu wa rika lake, akipanda kilima na gunia la mkaa begani. Huyu ana nguvu, mimi nakwisha. Basi ananitilia kitu chakulani.

Akaamuru wabadilishane sahani. Na kwa kuwa dereva alikuwa shemeji yake Athanasi, hakuthubutu tena kupanda gari. Akawa anakwenda mashineni kwa miguu, akigeuka nyuma kila mara. Mwezi haukwisha, uvimbe ukapungua. Macho yakatakata. Sekimanga alifurahi, lakini ilikuwa furaha chungu, ya mtu aliyemkamata mwizi. Akawafukuza wote wawili, mpishi na dereva.

Athanasi alikuwa na watoto, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Akasimama mlangoni na mzigo wake, akasema, "Mzee, sahani yako nimeila mimi mwezi mzima. Kama ina sumu, mbona sijafa?"

Aliyasema hayo akihema, maana kitambi kilikwisha kumwota, na kilima kilikuwa kimeanza kumshinda. Hakujali. Aliona hiyo ndiyo afya ya wakubwa, na alipofika kwake akamkataza mkewe kupika dona. Sekimanga naye alifunga mlango. Alijua moyoni kwamba mchawi hula sumu yake bila kudhurika.

Akaajiri mpishi mwingine, mtu wa mbali asiye na ndugu mjini, na dereva mwingine. Kwa kuwa adui ametoka, sembe ikarudi mezani, na nyama, na soda nyingi kuliko mwanzo. Gari likarudi mlangoni. Masika yalipofika, viatu vilikuwa havimwingii tena.

Sasa anakaa mbele ya sahani yake, macho hayaoni vizuri tonge, na anamtazama mpishi mpya kwa jicho lile lile alilomtazamia Athanasi. Nanyi mnaonisikiliza, mliotoka mezani kwenu asubuhi hii, niambieni: akishamfukuza na huyu, pale mezani atabaki nani wa kushukiwa?