Neno la Alfajiri

Mtu mmoja wa Upare alikuwa na watoto wawili, Kiondo na dada yake Nakijwa. Alipofariki aliwaachia kila mmoja shamba la maharage chini ya ndiva, lile bwawa ambalo watu wa milimani hukusanyia maji ya kijito ili wayagawane kwa zamu.

Mwaka huo ndiva ilijaa tope. Maharage yalikuwa yanakaribia kutoa maua na mvua ilikwisha kukatika. Ikapigwa pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba ikapimiwa kipande chake cha kuchimba kwa siku sita, na vigingi vikapigwa kuonyesha mipaka yake. Desturi yao ilikuwa hii: alfajiri msimamizi hupita mlango kwa mlango akiuliza, na mwenye nyumba hujibu "Nipo" au "Nimeacha." Anayeacha, kipande chake hupewa mwingine pamoja na zamu yake ya maji. Neno la mlangoni halirudishwi.

Siku ya kwanza ndugu hao walichimba sawasawa. Jioni walirudi wamechoka, lakini wakicheka.

Alfajiri ya pili miili iliwageuka. Kiondo hakuweza kukunja vidole vyake, na mgongo ulikuwa kama umepigiliwa msumari. Msimamizi alipofika mlangoni, Kiondo alisema kutoka kitandani, "Nimeacha. Nitakufa kwa ajili ya maharage?" Alikuwa anasema kweli, maana saa ile ndivyo alivyohisi.

Nakijwa aliumia vilevile. Alijibu "Nipo" akiwa amekaa sakafuni, hajaweza kusimama. Kisha akashika ukuta, akainuka, akashuka njiani akichechemea. Kiondo alimwona kupitia dirishani, akapaza sauti:

"Oneni bata anakwenda vitani!"

"Bata yuko njiani, kaka. Jogoo yuko kitandani."

Alianza kazi taratibu, akitoa tope kidogo kidogo. Jua lilipofika kwenye jiwe jeupe la juu ya ndiva, vidole vyake vilikuwa vimefunguka. Mchana akachimba kama jana. Ikawa hivyo kila siku. Alfajiri mwili ulimwambia basi, na mchana mwili uleule ulimwambia endelea.

Siku ya nne kifundo cha mkono kilimuuma alfajiri, kikauma mchana, na jioni kikauma zaidi. Maumivu hayo hakuyabishia. Alimweleza msimamizi, akaacha jembe kwa siku mbili zilizobaki, akabeba tope kwa karai kichwani.

Na Kiondo? Alasiri ya siku ileile aliyoacha, alijinyoosha akajikuta mzima. Akaweka jembe begani, akashuka mbio hadi ndiva. Vigingi vyake vilikuwa vimekwisha kung'olewa, na jirani alikuwa amefika magotini kwenye tope la kipande chake.

"Sasa naweza," akasema.

Msimamizi akamtazama bila hasira. "Ndugu yangu, tulikuuliza."

Maji yaliporudi, shamba la Nakijwa lilipata zamu yake, likachanua. La Kiondo lilikauka na maua yake. Hakulala njaa, kwa maana dada yake alimpakulia kila jioni, wala hakumsimanga. Lakini siku moja, bakuli likiwa mkononi, Kiondo akamuuliza, "Kumbe wewe hukuumia?"

Nakijwa akasema, "Niliumia kama wewe. Ila sikuipa alfajiri neno langu."

Maumivu ya baada ya kazi si ya uongo, lakini yana saa ambayo sauti yake huwa kubwa kuliko yenyewe. Yale yanayosema saa zote yasikilizwe. Yale yanayopiga kelele saa moja tu yangojewe mpaka jua lifike kwenye jiwe.

Nawe uliyeacha ndoa, au masomo, au maombi, ukasema umefika mwisho: uliposema hivyo, ilikuwa saa ngapi?