Ukuta wa Madume

— Mna masikio?
— Tunayo, mawili mawili.
— La kulia la nini?
— La kweli.
— La kushoto?
— La uongo.
Basi nitegeeni la kushoto.

Kikohozi kiliingia mlimani, koho koho, kila shimo. Fisi akaja na mzizi, akasema unaponya kumi kwa kumi. Ujira aliotaka ni pango la Pimbi, mama wa mapacha, pango pekee lisilovuja mvua. Wanyama wakakubali upesi, maana pango halikuwa lao.

Pimbi akaomba mzizi ujaribiwe kwanza. Kila siku wagonjwa wawili: mmoja anywe maji ya mzizi, mwenzake anywe maji matupu, wasijue nani kanywa nini. Atakayeacha kukohoa kwanza, Kobe atie kokoto moja chunguni: nyeusi ya mzizi, nyeupe ya maji. Iwe hivyo siku thelathini.

Fisi akaridhia, ila akataka chungu kifunguliwe kila siku, na siku yoyote nyeusi zikizidi nyeupe, hata kwa moja, pango liwe lake.

Pimbi akawatazama mapacha wake wakishindana kuruka. Nguvu zao ni sawa, lakini kila siku ipo saa ambayo mmoja yuko mbele. Akajua kwamba chungu cha kufunguliwa kila siku kitamtoa pangoni, mzizi uwe dawa au uwe kuni.

"Mzee Fisi," akasema kwa upole, "tufungue mara tatu tu: siku ya kumi, ya ishirini na ya thelathini. Na ukuta wa kuruka, yaani nyeusi zizidi nyeupe kwa ngapi, uchague wewe, leo, kabla ya kokoto ya kwanza. Upo wa wanyonge: nyeusi zizidi kwa sita, kisha kwa nane, kisha kwa kumi na mbili. Upo wa madume: kwa kumi, kumi, kumi. Ukiruka, umeshinda, tunaacha siku hiyohiyo. Ila ule wa madume una mbuzi mnono juu yake. Ukishindwa kuruka mara zote tatu, unahama mlima."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do.

"Mama Mapacha, mimi ni kumi kwa kumi. Nipe wa madume."

Kobe akauchora mwambani. Kokoto zikaanza kuanguka, ta! Ta!

Siku ya kumi chungu kikafunguliwa. Nyeusi nane, nyeupe mbili. Zimezidi kwa sita. Mapacha wakajibanza ubavuni pa Pimbi. Fisi akadai kwamba sita zatosha, aondolewe watoto wale pangoni mwake.

"Sita ni za wanyonge, mzee," Pimbi akasema. "Kumbe nawe ni mnyonge?"

"Hesabuni!" Fisi akanguruma.

Ta! Ta! Siku ya ishirini: kumi na moja kwa tisa.

Ta! Ta! Siku ya thelathini: kumi na tano kwa kumi na tano.

Fisi akahama akichechemea. Mpaka leo ukimsikia akilia, anasema: uuui, siku ya kumi nilikuwa mbele.

Kobe akamuuliza Pimbi, je, kama mzizi ungekuwa dawa kweli?

"Ungeuruka ule ukuta," Pimbi akasema, "nami ningehama nikiwa sikohoi."

Ndiyo maana tunawafunza watoto: ukijiona uko mbele, acha kuhesabu palepale. Na chungu kikiwa jikoni, kifunue kila mara, kitaiva upesi.

Sikio la kushoto, lala. La kulia, kaoshe vyombo.