Ushanga Mwekundu Kwenye Ua Jeupe

Gari la Mama Delphine lilikuwa limeshageuzwa kuelekea Kericho, mizigo ndani, dereva ameshika usukani. Wanawake wa kikundi cha ushanga cha Litein walimaliza wimbo wa kwaheri wakaanza mwingine, kwa maana mgeni alikataa kupanda. Alikuwa akimngoja Jerusa.

Jerusa alitokea akitweta, mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Mkoba ulikuwa wa mgeni. Mama Delphine alitoka Kanada, katika watu wa asili ya huko waitwao Wakrii. Nao hushona ushanga, ila wao hushona maua juu ya ngozi iliyokaushwa kwa moshi. Mkoba huo ulishonwa na nyanya yake, marehemu sasa. Mgeni alikuwa amewaachia wanawake kwa siku saba wajionee mishono, na Jerusa, fundi wao mkuu, akapewa autunze.

Fundi alikuwa fundi kweli. Tangu aache kuchuma majani chai, maharusi walimfuata kutoka Sotik mpaka Bomet. Lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: kujua hata asichoambiwa.

Siku ya tatu aliona, katikati ya ua jeupe, ushanga mmoja mwekundu, kama tone la damu kwenye shuka. Nyabate, msichana wa Kisii aliyekuwa akijifunza kazi kibandani kwake hapo sokoni, alichungulia, akamwita Jerusa kwa jina la mwanawe.

"Mama Opiyo, hii nyekundu ni ya nini? Si tumuulize mwenyewe? Ako hapo tu kwa pasta."

"Wewe na kuuliza! Utauliza hata maji inachemka aje. Hii ni makosa. Huyo nyanya alikuwa haoni vizuri."

"Na kama si makosa?"

"Nimeshona miaka ishirini na mbili, makosa naijua. Nikienda kuuliza, watasema fundi wa Litein hajui kazi."

Basi akachukua wembe. Ushanga ule haukutoka peke yake. Uzi mmoja hubeba safu nzima, na wa pili huikaza kwenye ngozi. Ilibidi akate nyuzi zote mbili, shanga kumi na moja zikamwagika mapajani. Akazirudishia kwa uzi wa nailoni, akaongeza nyeupe mpya, na ule mwekundu akaupukuta chini. Ua likawa jeupe kama yai. Siku nne alitembea akijipongeza.

Sasa alimpa mgeni mkoba mbele ya watu wote.

"Mwambie nimemrekebishia," alimwambia Eddah, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa akitafsiri. "Mwambie ni zawadi."

Mama Delphine alipitisha kidole gumba juu ya ua. Akakirudisha. Akakirudisha tena. Kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na Eddah akainamisha uso.

"Anasema nini?"

"Anasema kwao kila kazi huwekwa ushanga mmoja wa kosa. Makusudi. Kwa sababu asiye na kosa ni Mungu peke yake. Huo mwekundu nyanya yake aliuweka mwenyewe. Anauliza uko wapi."

"Niliutupa."

Wimbo ulikatika. Phelis, muuza ndizi, akasema kutoka nyuma, "Kumbe hata marehemu anasahihishwa!" Wachache walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Jerusa kuliko chai inayochemka.

"Anauliza mbona hukumuuliza. Alikuwa hapa siku zote saba."

"Niliona aibu," Jerusa alisema.

Alikimbia kibandani, akapiga magoti, akachambua vumbi kwa vidole mbele ya wateja. Mahali pale palikuwa pakifagiwa kila asubuhi. Aliporudi mikono mitupu, uso ukitazama viatu vyake, dereva alisema ndege haingoji mtu.

Mama Delphine alifika kwao na mkoba wake, wala hakufumua kazi ya Jerusa. Eddah ni mwenyekiti hadi leo. Nyabate alifungua kibanda chake Sotik, na wateja wanamjia kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kisii. Phelis bado anauza ndizi. Jerusa bado anashona, vizuri kama zamani, lakini hakuna aliyempa tena kitu cha mwenzake kutunza, na wageni wakija kanisani yeye hupitia njia ya nyuma. Aliikimbia aibu ya dakika moja, akapata ya miaka. Kuuliza si ujinga.