Nyani Alivyovikalia Vikate vya Bi Pimbi

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Mmesikia?

— Tumesikia.

Basi paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Sema wewe, sisi tumenusa harufu tu.

Pakawa na Bi Pimbi, mama mpya, na watoto wake watatu wadogo kama kokwa za embe, wanaishi kwenye pango la mawe. Ilikuwa kaskazi, mawe yanaunguza mchana kutwa, kwa hiyo kupika alipika usiku wa manane, ulimwengu umelala, mwezi umemwagika juu ya mawe kama tui. Akapanga vikaango vinne mekoni, kila mmoja na chake. Chini zambarau na embe mbivu, kati asali, juu uji mzito wa unga wa mchele, tui na iliki. Akafunika vyote kwa jiwe bapa, akapalia makaa juu ya jiwe. Chini moto, juu moto. Harufu ikapanda polepole, polepole, watoto wakatabasamu usingizini.

Ndipo aliposikia kucha kwenye mawe. Kwaru, kwaru, kwaru.

Alikuwa Nyani dume. Moyo wa Bi Pimbi ukaenda ti-ti-ti, kwa maana kila pimbi anajua: Nyani hali matunda tu, hula na watoto wa pimbi. Akawasukuma wanawe nyuma kabisa ya pango, akamwaga majivu juu ya yale makaa yakafichika yote, akaanza kusema, maneno yakikanyagana.

"Karibu, bwana mkubwa, karibu, pole na njia, watoto hawapo, wamekwenda kwa bibi yao, wote, hata yule mdogo, niko peke yangu kabisa."

"Nani kakuuliza watoto?" akasema Nyani. "We pimbi, umepika nini?"

"Vikate vya matunda, bwana."

"Nitakula vyote. Kisha nitawatafuta hao waliokwenda kwa bibi yao. Viko wapi?"

"Chini ya jiwe hilo, ila havijaiva, bwana, na Fisi amekwisha kunusa, na Kicheche amekwisha kunusa, wako njiani, na jiwe lenyewe jepesi, mtu akilifunua tu..."

"Hakuna wa kulifunua. Nitavikalia."

Akakaa. Pwata.

"Kiti hiki kina joto."

"Nimetoka kukikalia mimi, bwana."

"Kuna harufu."

"Hiyo iliki, bwana."

"Kuna kitu kinaungua."

"Hiyo asali, bwana."

Nyani akasinzia, mate yanadondoka, akaota kikate kikubwa kama mwezi. Chwi, chwi, chwi.

"Kuna moshi."

"Unatoka nyuma yako, bwana. Tazama."

Akageuka kulia, hakuona. Akageuka kushoto, hakuona. Mnajua wenyewe, nyani haoni kundule. Akamtazama Bi Pimbi, akacheka.

"Mjinga wewe, mkia wako unaungua."

"Mimi sina mkia, bwana."

Nyani akapapasa nyuma yake.

"Basi huu unaoungua ni wa nani?"

Hakungoja jibu. Mbio mpaka dimbwini, chubwi, na maji yakasema chwaaa. Manyoya ya makalioni yakabaki jiweni, na hadi leo hayajamrudia.

Bi Pimbi alipomfuata, Nyani akanong'ona kutoka majini, "Bi Pimbi, mama. Usimwambie mtu. Wake zangu wakisikia, heshima yangu imekwisha."

"Na watoto wangu?" akauliza Bi Pimbi.

"Sikanyagi mawe haya tena."

"Apa."

"Naapa kwa manyoya yaliyobaki."

"Basi sitamwambia mtu."

Bi Pimbi akarudi pangoni, akafunua jiwe, akawaamsha wanawe. Wakala kila mmoja chake, macho nusu yamefumba, wakalala tena midomo ikiwa na rangi ya zambarau.

Ngano imeiva, nimeipakua, mwenye kijiko alambe kijiko, asiye nacho alambe kidole. Funzo lake ni hili: mgeni akija, mpe kiti. Na siri ya mtu itunzeni kama alivyoitunza Bi Pimbi, aliyenisimulia yote haya mwenyewe tangu mwanzo. Nanyi je?

— Hatumwambii mwingine.