Gari Lililosafiri Hewani

Nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza kuangalia saa.

Katika mji mmoja wa huku kwetu, ambao sitautaja kwa sababu baadhi yenu mna mashemeji kule, aliishi mzee mmoja muuza mbegu. Mbegu zake ziliota, biashara yake ikaota pia, na siku moja akafanya jambo lililowashangaza majirani wote: akanunua gari la mbio la zamani, jekundu, la chini kama sinia, lenye viti viwili tu, la aina ambayo kiwanda kilitengeneza machache kisha kikaacha.

Magari hayo, kwa wale msiofuatilia, yana tabia ya ajabu. Gari langu na lako likitoka dukani linaanza kushuka bei siku hiyo hiyo. Yale yanapanda. Matajiri wanayatafuta dunia nzima, na kila mwaka bei inaruka, mradi tu gari lenyewe lisitembee. Mita ikisoma kilomita chache, thamani inakuwa kubwa. Kwa hiyo mzee akiamka anaangalia simu, kisha anapaza sauti hadi jikoni kama mtu aliyepata mjukuu.

"Mama Nekesa! Bei imeruka tena!"

"Hongera, Baba Nekesa. Na sisi tutaliingia lini?"

Mzee anajifanya hajasikia. Hata nailoni ya viti hakuwa ameitoa.

Ukidhani gharama ya gari kama lile ni kulinunua, basi hujakutana na fundi wake. Mafundi wa mjini hawakuruhusiwa kulisogelea. Fundi alitoka nchi nyingine kwa ndege, na sanduku la vifaa ambalo hakumwachia mtu yeyote alibebe. Ili abadilishe mkanda mmoja wa mpira, injini yote ilibidi ishushwe chini. Na mkanda wenyewe unabadilishwa baada ya miaka kadhaa hata kama gari halijatoka uani, maana mpira unazeeka tu, utembee usitembee. Siku akija fundi, kuku anachinjwa, na firigisi, ambayo katika nyumba ile haijawahi kuonjwa na mwanamume mwingine mbele ya mwenye nyumba, inawekwa kwenye sahani ya fundi. Mnacheka? Haya, niambieni wewe na wewe mmewahi kumpa nani firigisi yenu.

Siku moja fundi akapangusa mikono, akasema, "Mzee, gari hili linataka kuendeshwa. Oili izunguke, gia ziingie, magurudumu yazunguke. Ukiliacha hivi litakufa likiwa zuri hivi hivi."

"Likiendeshwa, mita itasoma."

"Ndiyo kazi ya mita, mzee."

Fundi akapanda ndege akaenda zake. Mzee akabaki na kitendawili chake.

Sasa, mzee huyu alikuwa na mama mkwe, bibi aliyewasomesha watoto wake kwa kukaanga mihogo sokoni. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba hayatarudi. Bibi akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, nasikia mna gari."

"Tunalo, mama."

"Sitaki mnipeleke mbali. Nataka nipitishwe sokoni ndani yake, polepole, wanione wote walionizoea na karai kichwani. Na mimi nizione sura zao! Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo panapotaka macho. Msikawie."

Mama Nekesa akampelekea mumewe ujumbe. Mzee akaruka kama aliyekalia siafu.

"Unataka kuniaibisha? Viti ni viwili! Mimi nikae bega kwa bega na mama mkwe wangu? Tangu lini?"

Na kweli, kwao, kama ilivyo kwa wengi wetu humu, mkwe na mama yake mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Hilo halina ubishi. Lakini mmeona jinsi tunavyoikumbuka mila haraka siku inapotufaa? Mwaka mzima hujui jina la babu wa babu yako, ila ukiombwa gari, unakuwa mwalimu wa desturi.

Mama Nekesa hakubishana. Alirudi jikoni, na kila Jumapili alimpigia mama yake na kumuuliza, "Leo unaona mpaka wapi?" Mwanzoni bibi alisema, "Naona mpaka kwa jirani." Baadaye akawa anasema, "Naona mpaka langoni."

Mzee naye akapata dawa ya kitendawili chake. Alilipandisha gari kwa jeki, akalikalisha juu ya miguu minne ya chuma, magurudumu yakaning'inia. Kila Jumamosi alivaa miwani myeusi na glavu za ngozi, akaketi juu ya ile nailoni, akawasha injini, akaingiza gia. Magurudumu yakazunguka hewani. Ngurumo ikatikisa mabati ya majirani. Watu wakasimama ukutani kusikiliza, na mzee, kwa kiburi kitakatifu, akawapungia mkono.

Mkewe akamletea chai dirishani.

"Baba Nekesa, umefika wapi?"

"Niko gia ya nne!"

"Ukifika, wasalimie wenyeji."

Siku zikaenda. Bei ikapanda hadi mzee akaona sasa basi, wakati wa kuuza umefika. Mnunuzi akaja kutoka mji mkuu, kijana nadhifu, viatu bila soksi. Akalizunguka gari, akapiga magoti, akanusa viti. Kila alichogusa alitikisa kichwa kwa furaha. Kisha akachungulia mita, akachungulia tena.

"Mzee, uliniambia gari halijatoka hapa."

"Halijatoka! Waulize majirani. Waulize hata mbwa."

"Kwa mita hii, limetoka hapa likaenda baharini na kurudi. Na si mara moja."

"Yalikuwa magurudumu tu! Yalizunguka hewani!"

"Mita haijui hewa, mzee. Magurudumu yakizunguka, inahesabu. Kwangu mimi hili ni gari lililotumika, na bei yake ni ya gari lililotumika." Akapangusa magoti, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mzee, ambaye kwa ile miwani myeusi hakuwahi kuiangalia mita, alisimama pale na glavu zake. Wa kwanza kucheka alikuwa mkewe. Alicheka mpaka akaketi chini, kitenge kikajaa vumbi.

"Kumbe tumefika baharini! Tumefika na kurudi, Baba Nekesa, na mimi nilikuwa nakusongea ugali!"

Mzee alijaribu kukasirika. Mdomo ukakataa. Akaketi chini kando yake, wakacheka wote wawili mpaka wakafutana machozi, na machozi ya mwisho, nadhani, hayakuwa ya kicheko. Kisha Mama Nekesa akainuka.

"Lishushe."

"Lakini mama mkwe... viti viwili..."

"Nani amekwambia utaendesha wewe?"

Ndugu zangu, laiti mngekuwepo sokoni siku ile! Mama Nekesa kwenye usukani, ameinamisha shingo kwa sababu ya kilemba. Bibi pembeni yake, gauni la Pasaka, ameshusha kioo chote. Mwenye gari yuko nyuma kabisa juu ya bodaboda, kwa umbali ambao mila inaukubali, amekumbatia mkoba na bakora ya mama mkwe. Penye tuta la kuingilia sokoni gari likakwama, maana magari yale tumbo lao linaburutika chini. Wabeba mizigo wakaja, wauza nyanya wakaja, wakashika huku na huku, wakaliinua bibi akiwa ndani, kama wanaingiza bibi harusi.

"Polepole!" bibi akapiga kelele. "Sijamwona Nasambu! Nasambu yuko wapi?"

"Niko hapa, mama!"

"Sogea karibu! Karibu zaidi, macho haya hayafiki mbali! Eeeh! Nimekuona! Na umezeeka, Nasambu!"

Soko zima likapiga vigelegele.

Haya. Mmemcheka yule mzee vya kutosha. Sasa sisi.

Sisi tuna vitu tumevipandisha juu ya chuma. Yupo humu mwenye msamaha ambao ameutunza miaka, anasubiri mwenzake aombe kwanza, asije akaonekana rahisi. Yupo mwenye sebule ambayo watoto wake wanaijua kwa kuchungulia mlangoni. Yupo mwenye sauti ya kuimba anayoiwekea akiba, sijui ni kwa kwaya ya wapi. Tunadhani kwa kuwa hatujatoka, basi hatujatumika. Nani alitudanganya? Siku zinahesabiwa, ukipenda na usipopenda, ukiwa barabarani na ukiwa umening'inia. Tutazeeka sawasawa na wale waliokwenda. Tofauti ni kwamba wao watakuwa wamefika mahali.

Na kuna ngurumo pia. Hapa nisemeje bila kufukuzwa? Kila Jumapili tunawasha injini humu ndani. Tunanguruma. Maombi gia ya nne, mapambio gia ya tano, majirani wa kanisa wanasimama ukutani kusikiliza. Sisi wa madhabahuni ndio tunaovaa miwani kabisa. Mlinzi wa lango letu, je, kuna anayejua mtoto wake amelazwa wapi? Mjane wa nyuma ya soko, ambaye tulimwombea kwa machozi, nani alimpelekea hata chumvi? Tumesafiri mbali sana, wapendwa, na hatujatoka uani.

Lakini sikuja kuwahuzunisha. Habari njema ni kwamba gari lile lilishushwa alasiri moja tu, na lilipogusa chini, lilikwenda. Halikuhitaji fundi wa kuja kwa ndege. Lilihitaji mtu akubali kwamba bei imeshapotea na furaha bado ipo. Mungu hatatuuliza tulikuwa na thamani gani tulipokuwa tumefunikwa. Atauliza tulimbeba nani.

Yupo mtu anayekungoja wewe. Mama, ndugu mliyekosana, rafiki wa zamani. Ana dirisha lake la kukuona, na dirisha hilo linajifunga, kwa jirani, kisha langoni, kisha mlangoni. Wewe unamjua ni nani. Umemjua tangu nilipoanza kusema.

Najua mlangoni pameandikwa tuzime simu, na ni mimi niliyeandika. Leo ziwasheni. Mpigie hapo hapo ulipoketi, mwambie unakwenda leo, na saa ngapi. Kwaya itanyamaza. Mimi nimekaa hapa, nangoja.