Mbwa Aliyepakwa Kanta

Ketini, wapendwa. Ketini vizuri, na mlio kule nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo sina sauti ya kupaza. Leo nimechoka. Siwaambii hivyo ili mnionee huruma. Nawaambia mapema ili mahubiri yakiwa mafupi msije mkadhani sikujiandaa. Na kabla sijasahau, naomba radhi kwa wazazi wa yule mtoto wa Jumapili iliyopita, niliyemwita wakati wa ubatizo kwa jina la mtoto wa jirani yao. Mlicheka sana siku ile. Tutalirudia jambo hilo.

Nina kisa kimoja tu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mjane, aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali iliyojengwa na mumewe kabla hajafariki. Watoto wake walikuwa mijini, kama wenu. Walikuwa wanapiga simu, kama wenu. "Mama hujambo? Haya mama, wasalimie majirani." Basi. Aliyebaki naye pale nyumbani alikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliletwa na marehemu akiwa bado mdogo wa kutosha ndani ya mfuko wa koti, na sasa alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Kwa mbwa huo ni uzee, tena uzee hasa. Pua na mashavu yote yalikuwa yamekuwa meupe, na akiamka asubuhi alichukua muda kuikumbuka miguu yake ya nyuma. Kuuma? Kuku walikuwa wanadonoa ugali kwenye sahani yake naye anawatazama tu, anasubiri zamu yake. Lakini kila asubuhi alijikongoja mpaka kwenye kibao cha mlangoni, pale marehemu alipokuwa akinywea chai, akalala pembeni yake. Mama yule alikuwa akisema, "Nyumba hii tumebaki wawili tunaokikumbuka kikohozi cha baba." Kwa hiyo aliogopa. Aliogopa kifo cha mbwa yule kuliko alivyokiogopa chake mwenyewe.

Siku moja akapita wakala wa bima. Naona mnatabasamu. Bima ya mbwa! Msicheke. Mmewakatia bima ng'ombe, mmezikatia pikipiki, kuna mmoja hapa amekatia bima hata simu. Huyo wakala alikuwa binti aliyefundishwa na mama huyo huyo darasa la tatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Binti akaweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa bima kubwa: matibabu, upasuaji, kulazwa, kila kitu. Ila ni ya mbwa wasiozidi miaka minane. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mbwa wazee. Upasuaji haumo, na dawa nyingine unachangia mwenyewe. Lakini daktari anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, anapima damu, anapima figo, anaangalia meno na viungo, anaandika kila anachokiona. Kwa hiyo siku mbwa akiugua, anayemtibu anajua anamtibu nani.

Mwalimu akaisukuma ile ya pili kwa kidole kimoja.

"Hii ni ya mbwa wa kufa."

"Hapana, mwalimu. Ni ya mbwa wa kuzeeka."

"Wangu ana miaka saba," akasema mwalimu.

Binti akamtazama mbwa aliyelala mlangoni na uso wake mweupe. Akamtazama mwalimu. Sasa ninyi niambieni, utamwambiaje mwalimu wako wa darasa la tatu kwamba anadanganya? Akakunja karatasi yake. "Sawa, mwalimu. Bwana mifugo atapita Alhamisi kumkagua."

Wapendwa, msimhukumu haraka. Sisi hapa kila mtu ana umri wa aina mbili: ule wa cheti na ule anaoujua mama yake. Mwalimu yule alikuwa amepunguza umri wa watoto wengi katika kazi yake ili waandikishwe shule, na wazazi walimletea ndizi kwa shukrani. Kwake yeye hilo halikuwa dhambi. Ilikuwa ni kumsaidia aliyechelewa. Akaona, kama nimewasaidia watoto wa watu, nitashindwaje kumsaidia mbwa wangu?

Basi Jumatano mchana akatoa kanta, ile dawa ya kutia nywele nyeusi. Msitazamane, mnaoipaka nawajua, na kichwa changu kiacheni. Akamketisha mbwa kwenye ngazi, akampaka puani, mashavuni, juu ya macho. Mbwa akatulia. Alikuwa na imani na ile mikono. Akawa mweusi tii, kijana kabisa, isipokuwa macho.

Alhamisi bwana mifugo akaja mbiombio, ana ng'ombe wa kijiji kizima wanamsubiri. Akainama. "Mshike nimfungue mdomo nione meno."

Meno hayapakwi kanta. Mwalimu akapaza sauti: "Usimguse! Anauma huyo!"

"Ameshauma mtu?"

"Mwaka jana alimng'ata fundi bomba."

Hapakuwa na fundi bomba. Bwana mifugo akarudi nyuma hatua mbili, akaandika: miaka saba. Halafu kwa kalamu nyekundu akaongeza neno moja: MKALI. Bima ikapita. Kadi ikaja, na mwalimu akaiweka ndani ya Biblia yake, akapata usingizi.

Miezi ikapita, na kila alipoona weupe unachungulia puani alirudia kupaka. Kisha siku moja mbwa akakanyaga mwiba. Mwiba tu! Ukazama kwenye unyayo, ukatunga usaha, mguu ukavimba. Mwalimu akakodi gari, akampeleka kwenye hospitali ya mifugo mjini, kadi mkononi. Daktari wa zamu alikuwa mgeni, hakumjua yeye wala mbwa wake. Akamtazama mguu, akasema ni kazi ndogo, kupasua na kuutoa. Kisha akaisoma kadi, akakunja uso.

"Mwalimu, hapa pameandikwa miaka saba, tena mkali. Ni kweli? Nakuuliza kwa sababu ya dawa. Akiwa mpole namchoma ganzi ya mguu tu. Akiwa anauma lazima nimlaze kabisa."

Hapo, wapendwa. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Aliyeuliza hakuwa bwana mifugo mwenye haraka, wala wakala mwenye haya. Aliuliza yule mwenye sindano mkononi. Na mama yule moyo wake ukamwambia: nikisema kweli, kadi itafutwa hapa hapa, na kesho akipata ugonjwa mkubwa nitamtibia nini? Alimpenda sana yule mbwa. Nawaambia alimpenda.

"Ni kweli, daktari."

"Lakini mbona ananiramba mkono?"

"Anakudanganya."

Wakamfunga mdomo kwa bendeji. Mbwa ambaye hajawahi kumng'ata hata kuku, alifungwa mdomo, naye akamgeukia mama yake kumtazama, na mkia wake ukapiga meza mara mbili. Wakamchoma dawa ya usingizi, kipimo cha mbwa kijana, mkali, mwenye figo nzima.

Mwiba ukatoka vizuri. Mbwa hakuamka.

Daktari alihangaika naye muda mrefu. Alipoona basi tena, akafungua bendeji, akachukua pamba yenye maji amfute mate puani. Pamba ikatoka nyeusi. Akachukua nyingine, nayo ikatoka nyeusi. Uso mweupe ukaanza kutokea kidogo kidogo. Akainua mdomo, akayaona meno yaliyokwisha. Akakaa chini kwenye kiti, kijana wa watu, akiwa bado na pamba mkononi.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Amewahi kuuma mtu?"

"Hajawahi."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama? Mimi si mtu wa bima. Mimi ndiye niliyekuwa nimtibu."

Kisa kimeishia hapo. Mama alirudi nyumbani. Kibao cha mlangoni mnakijua kilikuwaje.

Sasa tuje kwetu, sisi tuliopiga pasi nguo za Jumapili. Pale mlangoni tunasalimiana. "Hali?" "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Na kuna wawili wamekaa benchi moja hapa, bega kwa bega, ambao tangu Pasaka hawajasemezana nyumbani. Sitawatazama. Kuna anayeimba kwa sauti ya juu kuliko wote na tangu amzike mwanawe hajaweza kusali hata neno moja. Kuna tuliyemwandika MKALI humu usharikani, tukamkwepa miaka yote, na kumbe mtu yule hajawahi kuuma mtu. Kanta, wapendwa. Imetukaa vizuri, tunaipaka upya kila Jumamosi.

Halafu tunapiga magoti tunamwomba Mungu atuponye. Amponye nani? Tunamletea ugonjwa wetu, na mkononi tunampa kadi ya mbwa mwingine. Tunamwogopa kama bwana mifugo, tunadhani amekuja kukagua atukatae. Na ile karatasi ndogo, ya wazee, ya wachovu, ya waliokwisha meno, ile ambayo daktari wake anakuja mpaka nyumbani na kukuona ulivyo, tunaisukuma kwa kidole. Tunasema hiyo ni ya watu wa kufa. Kwani sisi ni wa nini?

Mtaniuliza, nawe mchungaji? Haya. Nilisema tutalirudia jambo la ubatizo. Yule mtoto sikumkosea jina kwa utani, kama mlivyodhani. Nilikuwa na karatasi yenye jina lake mkononi na sikuona kilichoandikwa. Mwaka wa pili huu macho yangu yanaziba. Somo la leo mlilosikia nikilisoma, nikifunua kurasa, sikulisoma. Nililikariri tangu Jumanne, mke wangu akinisomea jikoni. Kila wiki hivyo. Ndiyo maana nimechoka, ndugu zangu. Kuzeeka hakuchoshi kama kupaka.

Tumefika kwenye matangazo. Yako hapa, kwenye karatasi hii. Mama katibu, tafadhali njoo utusomee. Na ukipita, nishike mkono hapa kwenye ngazi, maana nayo siioni.